Zamu ya Mgeni

Fundi kompyuta mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Zimawasha kwa kuwa ushauri wake wa kwanza kwa kila mteja ulikuwa "zima, halafu washa", alifungua duka lake asubuhi moja, akashika kiti cha wateja akisogeze apate kufagia, akakuta kiti kina joto. Halikuwa joto la jua, maana jua la asubuhi halikufika upande ule. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Zimawasha alichungulia chini ya meza, akatazama nyuma ya kaunta, kisha akajicheka. Duka lenyewe chumba kimoja. Mwizi angejificha wapi, ndani ya printa? Akafagia, akaendelea na kazi.

Mtu anayeishi peke yake husahau upesi mambo ya namna hiyo, kwa sababu hana wa kumsimulia. Mkewe Zimawasha alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa mbali na maisha yao, wakimpigia simu sikukuu kwa sikukuu. Alilala chumba cha nyuma ya duka, chenye mlango wake wa nje. Wateja walileta mashine mbovu, wakaondoka na nzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Juu ya meza ya kazi ilikuwepo kompyuta ya mezani aliyoipokea jana yake kutoka kwa mjane mmoja, muuguzi mstaafu. Mumewe marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Inaganda," mjane alikuwa amesema, akiitua mezani kama anayetua mgonjwa.

"Umejaribu kuizima halafu..."

"Kaka, nimezima na kuwasha mpaka vidole vimeota sugu. Nimeipeleka kwa mtaalamu wa majini, akafukiza, akasoma, akaniambia tatizo ni la fundi. Nikaipeleka kwa fundi, akafungua, akapuliza vumbi, akaniambia tatizo ni la mtaalamu wa majini. Nimechoka kurushwa kama mpira."

Zimawasha alicheka. Alikuwa hajacheka na mtu siku nyingi, na kicheko kilitoka na kikohozi.

Mjane akaeleza. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na mwalimu alikuwa ametunga humo mchezo wa dama kwa mkono wake. Mchezo ulijifungua wenyewe kila mashine ilipowashwa. Ulicheza vizuri tu, lakini wewe mchezaji ukikaribia kushinda, kila kitu kinaganda: mshale wa kipanya hausogei, kibodi haijibu, hata saa ya pembeni inasimama. Na ukiufuta, kesho yake unaukuta umerudi.

"Mimi dama siitaki," alisema. "Nataka sauti yake. Zamani nilikuwa zamu ya usiku hospitali, na yeye jioni anajirekodi ananisimulia umbea wa mchana kutwa. Nani kagombana na nani, nani kanunua kochi la mkopo. Nikirudi asubuhi nasikiliza nikinywa chai, nacheka peke yangu. Zimo humo ndani, na huo mchezo haunipishi nizifikie. Ndicho alichoniachia."

"Baadaye aliacha kurekodi?"

Mjane alitazama mlango kabla ya kujibu, na sauti yake ikashuka. "Baadaye aliacha kuongea kabisa. Ukimwita kula, 'Ngoja kidogo, karibu namshinda.' Ukimwita kulala, 'Ngoja kidogo, karibu namshinda.' Miaka, kaka. Nilimkuta amekaa hivyohivyo, mkono juu ya kipanya, umekwisha kuwa wa baridi. Na mimi najiuliza kila siku, usiku ule wote nilipokuwa nauguza watu wa wenyewe, nilimwacha na nani?"

Zimawasha alimwambia tu kwamba ataishughulikia.

Alikuwa na masharti mawili ya kazi. La kwanza: hagusi mashine ya mteja kabla hajanakili diski yake yote kwenye diski yake mwenyewe na kuiweka rafuni. Aliwahi kupoteza picha za harusi za watu, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. La pili: ugonjwa asiouona kwa macho yake hautibu. Lazima ujitokeze mbele yake. Masharti mazuri yote mawili, na nasema mapema kwamba ndiyo yaliyomponza.

Alinakili diski. Katika ile nakala alizipata rekodi za mwalimu, akafungua moja. Hakusikia mtu. Alisikia mgongano mdogo wa kete ya mti juu ya ubao wa mti, kisha kimya kirefu, kisha tena. Akafungua nyingine, ikawa vilevile. Kwa hiyo hakukuwa na njia ya mkato. Akaiweka diski rafuni, akaanza kazi yenyewe. Alipima kumbukumbu, ikawa nzima. Alisafisha feni, akabadilisha nyaya, akasasisha mfumo. Kila alichopima kilikuwa na afya kuliko yeye. Basi akavuta kiti, akaufungua mchezo, akacheza.

Zimawasha alikuwa mchezaji wa dama asiyeshindika. Jioni zote za ndoa yake alicheza na mkewe kwa vizibo vya soda juu ya boksi lililochorwa, akimshinda kila siku, na mkewe akikataa kila siku kwamba ameshindwa. Mama yule alikuwa na mtindo mmoja wa kipuuzi: alianza na kete ya pembeni kabisa, isiyofaa kitu, eti imechoka kukaa. Mchezo ulipofunguka, Zimawasha alisogeza kete yake, na upande wa pili kete ya pembeni kabisa ikatoka.

Alibaki ameitazama kwa muda. Kisha akaendelea kucheza, polepole zaidi.

Alipobakiza hatua moja ashinde, skrini ikaganda, na dukani ikaingia harufu ya utambi wa taa uliopulizwa sasa hivi. Duka halikuwa na taa ya utambi. Aligeukia mashine yake nyingine, akaingia kwenye ile iliyoganda kwa njia ya waya, kama mtu anayeingia nyumba kwa mlango wa uani. Na huko ndani hakukuta maafa yoyote. Kompyuta ilikuwa hai, imetulia, haina joto. Mchezo ulikuwa umevishika kipanya, kibodi na skrini na kuvizuia visitumike na programu nyingine yoyote, basi. Haukuwa umeganda. Ulikuwa unangoja. Mwalimu alikuwa ameupa nafasi za wachezaji wawili, mwenyeji na mgeni, na neno lililosimama humo ndani lilikuwa hili: zamu ya mgeni.

"Mgeni gani?" Zimawasha alisema kwa sauti. Akachomoa waya wa intaneti, akaacha ule tu unaounganisha mashine mbili. Mgeni aliendelea kuwepo.

Dawa aliijua. Amri moja fupi kutoka mashine ya pili, mchezo unauawa, kipanya kinaachiwa. Aliiandika amri yote, na kidole kilikuwa tayari kuibonyeza. Akasema acha kwanza nikale, nione kitatokea nini. Aliporudi, kete ya mgeni ilikuwa imesogea mahali pazuri sana, mahali ambapo yeye hakupaona, na kiti cha wateja kilikuwa na joto.

Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na jambo jingine ambalo aliona aibu kulitaja: wakati yeye anakula, kuna aliyekuwa akimngoja.

Mjane alifika kuulizia, akafika tena. Alikuja na chupa ya chai, na umbea wake mwenyewe, maana kwa mumewe alijifunza. Alisimulia habari ya kinyozi aliyejinyoa nyusi kwa bahati mbaya. Zimawasha aliitikia "ee" na "kumbe", macho yakiwa kwenye skrini. Mara moja mjane aliketi kwenye kiti cha wateja akaruka kama aliyekalia jiko.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu, dada."

"Hakuna mtu," mjane alirudia taratibu, akaichukua chupa yake. Tangu siku hiyo akija alisimama.

Wateja wengine walianza kulalamika. Zimawasha alifungua mlango nusu, kisha robo. Alinyoa siku alizokumbuka. Alizoea kuondoka kwenye meza kinyumenyume, kwa sababu alipogeuza mgongo alisikia kete ikigonga ubao, ko, na ule mchezo wa skrini haukuwa na sauti.

Siku moja alasiri ilinyesha mvua kubwa, umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine ya pili ilizimika, feni ikasimama, taa ya duka la jirani ikapotea, na Zimawasha akashusha pumzi kwa kuwa leo angalau angepumzika. Lakini skrini ya mwalimu haikuzimika. Iliwaka bila umeme, ubao wazi, kete zimepangwa, zamu yake, na mkono wake ukaenda wenyewe juu ya kipanya, nacho kilikuwa na joto la kiganja cha mtu, na alipotaka kuuondoa mkono haukuondoka, na harufu ya utambi ikajaa chumba mpaka akaionja ulimini, na katika sehemu nyeusi ya kioo, pale pembeni pasipo na ubao, akaona mlango wake, akaona rafu yake, akaona kiti cha wateja nyuma yake, na kiti hakikuwa kitupu, aliyekaa alikuwa ameinamia mbele kama anayesoma ubao juu ya bega lake, na pumzi yake ikamgusa shingoni, nayo haikuwa na haraka, ilikuwa pumzi ya mtu aliyefika nyumbani.

"Usiondoke," ilisema sauti ya mkewe, ndogo, karibu na sikio.

"Wewe si yeye," Zimawasha alinong'ona.

"Lakini nakungoja kama yeye."

Mjane alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja chini ya mwavuli, na aliposukuma mlango harufu ile ilimsimamisha kizingitini, maana aliwahi kuishi nayo.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Inuka."

"Ngoja kidogo," alijibu Zimawasha bila kugeuka. "Karibu..."

"Usimalizie! Nyamaza, usilimalizie hilo neno." Aliuacha mwavuli ukaanguka. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vya kiuguzi, akahesabu mapigo, akajaribu kuuinua mkono, ukawa kama umeotea mezani. Hakulia. Aliinamia skrini, akautazama ubao kwa macho ya mtu asiyejua dama na asiyependa kujua.

"Umewahi kushindwa na hiki kitu?" aliuliza.

"Hata mara moja."

"Na mume wangu hivyohivyo. Alijisifu. Miaka yote hakushindwa hata mara moja." Alipangusa maji ya mvua usoni. "Na huwa kinaganda lini?"

"Ninapotaka kushinda."

"Basi shindwa, kaka. Nyie wanaume hodari hamjawahi kulijaribu hilo?"

Zimawasha aliutazama ubao, na kwa mara ya kwanza aliuona. Kile kitu hakikutaka kushinda wala kushindwa. Kilitaka wasimalize. Mchezo ukiisha mgeni huaga, na huyu hakuwa na pa kwenda. Lakini dama ina sheria, na mwalimu aliitunga kwa sheria zote: ukiwa na kete ya kula, huna ruhusa ya kuiacha. Kula ni lazima.

Alichukua kete yake nzuri kuliko zote, akaiweka mdomoni mwa adui.

Kiti nyuma yao kililia kama kinachobanwa. Kisha kete ya mgeni ikaruka, polepole, bila kupenda, ikala. Zimawasha akatoa nyingine, na nyingine, na kila moja ilipoliwa sauti ya kike ilitoa mguno wa mtu anayenyang'anywa shuka, mpaka kwenye ubao akabakiwa na kete moja, na kipanya kilikuwa kimepoa nusu.

"Usinipe," ilisema sauti ya mkewe. "Nitakaa na nani?"

Machozi yalimtoka Zimawasha. Hakuyafuta, mkono haukuwa wake bado. "Ni lazima ule," alisema, akaisogeza.

Skrini iliandika kwamba mgeni ameshinda. Kisha ikazimika, kama mashine yoyote isiyo na umeme, na mkono wake ukaanguka mapajani.

Umeme uliporudi, waliwasha. Mchezo haukujifungua. Saa ya pembeni ilitembea. Mjane alinyoosha kidole, Zimawasha akabonyeza, na sauti ya mwalimu ikajaa duka, nzito, yenye utani, ikieleza jinsi mwalimu mkuu alivyoketi kwenye rangi mbichi siku ya wageni rasmi na kuondoka na mistari ya benchi kwenye suruali. Mjane alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka. Zimawasha naye alicheka, safari hii bila kikohozi.

Akiondoka, kompyuta ameikumbatia, mjane alisimama mlangoni.

"Jumapili njoo nyumbani unywe chai. Nina vikombe viwili, na kimoja kimelala kabatini muda mrefu."

"Nitakuja, dada."

"Uje kweli. Mimi kazi ya kungoja watu nimestaafu, nakwambia mapema."

Jumamosi Zimawasha alikuwa mtu mpya. Alinyoa, alipiga pasi shati, alifungua mlango wa duka mpaka mwisho. Akapangusa meza, akapangusa rafu, na huko rafuni kitambaa chake kikagusa diski ya nakala aliyoitengeneza siku ya kwanza, kabla hajatibu chochote. Mchezo wote ulikuwemo, na mgeni wake. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na mwingine alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa mikono yake, kwa uangalifu, kwa mujibu wa masharti yake ya kazi.

Alichukua nyundo. Aliishika muda mrefu. Duka lilikuwa kimya, kimya cha kawaida kabisa, kisicho na hofu wala mtu, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hakuna kiti kilichokuwa na joto. Jumapili ni siku moja. Baada yake kuna Jumatatu. Na duniani kote hakuna mwingine ambaye angeanza na kete ya pembeni kabisa kwa sababu imechoka kukaa. Akajiambia kwamba fundi hatupi diski bila kuitazama. Ataitazama tu, ahakikishe imekufa. Akaweka nyundo chini, akachomeka waya wa diski kwenye mashine yake.

Jumapili mjane aliandaa vikombe viwili. Chai ilitoka mvuke, ikaacha kutoka mvuke, ikafanya utando juu. Alipiga simu, ikaita, ikakatika. Aliketi kidogo mikono mapajani, kisha akatia chai mpya kwenye chupa, akaenda.

Harufu aliipata kabla hajafika mlangoni. Zimawasha alikuwa ameketi akimpa mgongo, shati lake limepigwa pasi vizuri, kola imesimama. Kiti cha wateja kilikuwa kimevutwa karibu naye, ubavu kwa ubavu, kama viti vya watu waliozoeana.

"Kaka," alisema mjane. Hakuthubutu kuingia. "Mpe kete zako, kama siku ile. Dawa unaijua."

"Naijua," alijibu Zimawasha. Sauti ilikuwa tulivu. Mkono wake ulikuwa huru juu ya kipanya. Mjane aliviona vidole vikichezacheza, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. "Dada, huyu alikuwa ananingoja."

"Na mimi nilikuwa nakungoja."

Zimawasha aliinamisha kichwa, kama anayetaka kugeuka. Kiti kando yake kikalia taratibu, kama kinavyolia mtu anapojisogeza akae vizuri. Kichwa kikainuka tena, kikaelekea skrini.

"Ngoja kidogo," alisema. "Karibu namshinda."

Mjane alisimama hapo mpaka mkono uliobeba chupa ukachoka. Kisha akauvuta mlango, akaurudisha polepole, kama wanavyofunga mlango wa mgonjwa aliyelala. Alirudi nyumbani. Alimwaga chai iliyopoa, akaosha vikombe, akarudisha kimoja kabatini, akawasha sauti ya mumewe, akaketi kusikiliza umbea wa watu ambao wengi wao walikwisha kufa.